Wenzangu wodini wananiita msaliti kwa sababu nataka kuchunguza udanganyifu wa bima

Shikamoo Mama,

Naandikia safu yako nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nisamehe nikirukaruka. Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, naishi Morogoro. Stashahada nilimaliza mwaka 2013, na mwaka jana nilihitimu shahada baada ya kusoma kwa kuungaunga huku nikifanya kazi. Nimepita wodi ya wanaume, nimekaa wazazi miaka minne, na sasa niko wodi ya upasuaji kwenye hospitali ya shirika la dini. Kazi yangu naipenda. Mgongo ndio umegoma. Daktari ameniambia bila kuficha kwamba nikiendelea kugeuza wagonjwa wazito peke yangu usiku, nitafika miaka 40 nikiwa mgonjwa kuliko ninaowahudumia.

Mwezi uliopita niliona tangazo la kampuni moja ya bima ya afya, Dar es Salaam. Wanatafuta muuguzi aliyesajiliwa, mwenye uzoefu wa wodini usiopungua miaka mitano, awe mchunguzi wa madai ya matibabu, yaani afuatilie udanganyifu unaofanywa na hospitali, maduka ya dawa na wanachama. Niliomba, na wameniita kwenye usaili Jumatano ya wiki ijayo. Binamu yangu aliye Marekani anasema huko wauguzi wa kazi hiyo wapo wa kutosha. Hapa kwetu simfahamu hata mmoja, ndipo nikakukumbuka wewe Mama, kwamba ulitoka wodini ukaenda kwenye madai.

Mambo matatu yananisumbua.

La kwanza ni wenzangu. Nilimwambia mmoja tu, kesho yake wodi nzima ikawa inajua. Mmoja akaniuliza mbele ya wengine, "Kwa hiyo utarudi hapa na kalamu nyekundu utukate mishahara?" Maana bima ikikata madai ya hospitali, mishahara huchelewa, hilo sote tumelionja. Muuguzi mkuu aliyenifundisha kazi, ambaye namwita mama, haniongeleshi tangu Ijumaa.

La pili, kwenye ile simu ya kuniita, dada wa rasilimali watu alisema mshahara ni wa kawaida lakini kuna bonasi, asilimia fulani ya fedha ambazo mchunguzi ataiokolea kampuni kila robo mwaka. Kwa hali ya nyumbani nilifurahi. Usiku sikulala.

La tatu sijamwambia mtu, hata mume wangu. Mwaka 2017 nilifanya kazi miezi saba kwenye kituo kimoja cha binafsi. Kila mwisho wa mwezi karani wa madai alikuwa akituletea mafaili ya wagonjwa waliokuja, wakatibiwa na kurudi kwao siku hiyohiyo. Tunaambiwa tuyajaze kama walilazwa siku mbili au tatu. Nilijaza. Joto, mapigo, presha, dripu, vyote kutoka kichwani. Sikupewa hata senti. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio na niliogopa kufukuzwa. Nilipopata kazi kwingine niliondoka kimya. Sasa Mama, mtu wa namna hii anaweza kwenda kuwakamata wengine? Na wakiniuliza kwenye usaili, nijibu nini?

Mwanao,
Muuguzi wa zamu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mgongo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitaanza na wenzako, ila nitapita njia ndefu kidogo, kwa sababu wao hawaijui kazi yenyewe na wewe bado hujaiona kwa ndani.

Hospitali nyingi zinazopokea bima hulipwa kwa kila huduma. Kumwona daktari kuna bei yake, kipimo kina bei yake, kitanda kwa siku kina bei yake, na kila kichupa cha sindano kina bei yake. Kila mstari kwenye fomu ya madai ni fedha. Mwaminifu huandika alichofanya. Asiye mwaminifu anajua kwamba anayelipa yuko mbali, hakumwona mgonjwa, na mstari mmoja wa ziada hautamshtua. Hapo ndipo yanapozaliwa madai hewa, ya mtu ambaye hakufika kabisa. Hapo ndipo kidonda kilichosafishwa na kufungwa kinageuka upasuaji mdogo, na mzazi aliyejifungua kwa kawaida anageuka aliyepasuliwa. Wanachama nao wamo: anayemwazima shemeji kadi, anayekwenda duka la dawa na fomu ya antibayotiki akatoka na sabuni na maziwa ya unga. Na kuna huo mlioufanya ninyi, wa kuwalaza watu kwenye karatasi.

Fedha hiyo ina wenyewe. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake anaongeza 3 nyingine kwenda NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Kwenye bima binafsi mara nyingi mwajiri ndiye anayelipa, na mwaka ukiisha madai yakiwa makubwa anapandishiwa bei; asipoweza, anapunguza kiwango, na mtoto wa dereva wa kampuni anakuta kikomo chake kimeisha Agosti. Nimekutana na wazazi wa namna hiyo uso kwa uso. Kwa hiyo mtu akikuambia unakwenda kulinda fedha za matajiri, usikubali kirahisi.

Sasa kwa nini wanamtaka muuguzi, wasimchukue mhasibu au askari mstaafu? Nikupe mafaili mawili. Nilivaa sare nyeupe miaka 14 kabla ya kuingia kwenye madai, na haya mawili ndiyo yaliyonifundisha kwamba sare sikuivua.

Mwaka wangu wa pili niliwekewa mezani mafaili tisa ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji, yote kutoka kituo kimoja. Mhasibu alikwisha kuyapitisha. Hesabu zilikuwa sawa, mihuri ipo, daktari amesaini. Kilichonisumbua ni usafi wake. Hapakuwa na neno lililokatwa wala doa la aiodini, na zamu tatu zilikuwa zimeandika kwa kalamu moja. Wewe umekaa wazazi miaka minne, unajua faili la mama aliyepasuliwa saa nane usiku linavyofanana. Nikaanza kutafuta vitu ambavyo anayetunga huwa hakumbuki kuvitunga. Chati ya ganzi haikuwepo hata kwa mmoja. Uzito wa watoto ulikuwepo, lakini wote tisa walikuwa na kilo 3 kamili au 3.2. Kila mama aliwekewa mpira wa mkojo, na hakuna palipoandikwa kwamba umetolewa. Tisa, wote wamerudi nyumbani na mipira yao! Mhasibu hawezi kuliona hilo, na si kosa lake.

Tulipofika kituoni tuliomba kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa kutunza taarifa za vituo vya afya, kile cha wazazi, pamoja na rejista ya chumba cha upasuaji na ratiba ya zamu. Watano walikuwa wamejifungua kwa njia ya kawaida. Wawili hawakuwahi kufika. Wawili walikuwa wa kweli. Na muuguzi ambaye jina lake lilikuwa kwenye zamu nyingi za usiku, miezi hiyo alikuwa likizo ya uzazi, anamlea wa kwake. Hakujua chochote mpaka tulipompigia. Alilia sana kwenye simu, kwa sababu namba yake ya usajili ilikuwa imetumika.

Faili la pili ni la aibu yangu. Hospitali moja ya wilayani, mafaili kama thelathini ya wodi ya wanaume. Kila mgonjwa, kila saa sita: joto 36.5, mapigo 78, upumuaji 18, presha 120 kwa 80. Wiki nzima, wodi nzima. Nikaandika kwa kujiamini kwamba huduma hazikutolewa, nikapendekeza hospitali isilipwe. Bahati nzuri utaratibu ulitaka mtu aende kuona, nikaenda mwenyewe. Usiku nilimkuta binti mmoja peke yake na wagonjwa 38, wawili kati yao wamelala chini. Dripu zilikuwa zinatiririka. Sindano zilikuwa zinachomwa, leja ya famasi ilikubaliana na chati kichupa kwa kichupa. Kilichokuwa hakifanyiki ni kuandika. Alikuwa anajaza chati zote saa kumi na moja alfajiri, macho yakiwa yamefumba nusu. Kuandika 36.5 kwa mtu ambaye hujampima ni kosa zito la kitaaluma, siku moja litaficha homa ya mtu mpaka afe, na hilo niliwaeleza. Lakini hawakuwa wameiba. Niliomba radhi, nikafuta pendekezo langu, hospitali ikalipwa.

Usiku ule niliurudia mara nyingi sana kichwani katika miaka iliyofuata. Mchunguzi ambaye hajawahi kubaki peke yake na wagonjwa 38 angesoma namba zile na kuona wezi. Mimi nilikuwa nimebaki peke yangu hivyo, na bado nilisahau kwa sababu ya kiti na feni. Wenzako wakikuuliza unakwenda kufanya nini, waambie hilo: kwamba madai yao ya kweli yanasomwa kila siku na watu wasioijua wodi, na mengine yanakatwa kwa kutojua tu. Kwa kipindi chote nilichofanya kazi ile, madai niliyoyatetea yakalipwa ni mengi kuliko niliyoyasababisha yakataliwe.

Kwa yule unayemwita mama, usimsubiri aanze yeye. Nenda nyumbani kwake, si wodini, na usiende mikono mitupu. Mkumbushe Machi 2024, pale baadhi ya hospitali binafsi zilipokataa bei mpya za NHIF na wanachama wakarudishwa getini kadi zikiwa mkononi. Mzozo ule ulikuwa wa bei, lakini kila mmoja wetu aliona kinachomfika mgonjwa mlipaji na mtoa huduma wasipoaminiana. Kutoaminiana huko hakupungui kwa sababu sisi wauguzi tumekaa pembeni. Nadhani atakuelewa. Asipokuelewa, utakuwa umemheshimu.

Binamu yako hajakudanganya. Marekani walianza zamani. Sheria ya mwaka 1977 iliyawezesha majimbo kuunda vitengo vya kupambana na udanganyifu kwenye Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, na leo kila jimbo lina chake. Wanasheria, wakaguzi wa hesabu na wapelelezi ni lazima wawemo, na vingi vina wauguzi pia wa kusoma mafaili. Kampuni za bima nazo zina vitengo vyao. Jirani zetu Kenya, tangu SHA, mamlaka yao mpya ya bima ya afya, ichukue nafasi ya NHIF yao Oktoba 2024, wamekuwa wakihangaika na mambo yaleyale ya wagonjwa wa kutwa kuandikwa kuwa walilazwa, mpaka mwaka 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, akatangaza kuvisimamisha vituo kadhaa. Hapa kwetu Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Watu wengi zaidi wakiingia kwenye bima, mafaili yatakuwa milima, na wa kuyasoma kwa jicho la kitabibu ni wachache mno.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza na ninataka uende nalo, kwa sababu nililiona likivunja nyumba ya mtu. Sehemu kubwa ya uchunguzi ni simu. Unampigia mwanachama: je, tarehe fulani ulitibiwa kituo fulani? Mwenzangu mmoja, kijana mzuri, mchapakazi, lakini hakuwa mtu wa tiba, alipiga namba iliyokuwa kwenye fomu. Akapokea mwanamume. Kijana akauliza kama mwenye kadi alikwenda siku ile kuwekewa kipandikizi. Mwanamume alikuwa mume, na hakujua kwamba mkewe anatumia uzazi wa mpango. Dai lilikuwa la kweli. Yule mama alipigwa usiku ule.

Muuguzi angejua. Unaanza kwa kuhakikisha unaongea na mwenyewe, na bado hutaji ugonjwa wala dawa. Unamwuliza yeye akueleze alihudumiwa nini. Asipopokea yeye, unasema utapiga baadaye, basi. Majibu ya virusi vya UKIMWI, mimba iliyoharibika, dawa za kifafa, hivyo havitoki mdomoni mwako kwa mtu mwingine hata akijitambulisha kuwa mzazi. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya zimo kwenye zile zinazolindwa zaidi. Lakini wewe na mimi tuliapa kutunza siri kabla ya sheria hiyo. Siku ya kwanza kazini waombe wakuonyeshe maelekezo yao ya kupiga simu. Kama hawana, yaandike wewe.

Sasa bonasi.

Usiipokee, mwanangu. Najua ada za shule na najua kodi ya nyumba Dar es Salaam, sikuambii kwa wepesi. Fikiria lile faili langu la pili. Kama ningekuwa nalipwa asilimia ya fedha iliyookolewa, hospitali ile kutolipwa kungeniletea mimi fedha. Je, ningefunga safari ya kwenda kuona wodi usiku? Ningeomba radhi? Ninajifahamu vya kutosha kukuambia kwamba sina hakika. Mlipe mtu kwa kila dai analolikataa, baada ya mwaka mmoja ataona udanganyifu hata kwenye kidole kilichokatwa na panga. Na siku kesi ikifika mahakamani, wakili wa upande wa pili atakuuliza swali moja tu: ulipata shilingi ngapi kwa kuandika taarifa hii? Hapo kazi yako yote ya miezi imeanguka.

Kwenye usaili, uliza kwa adabu bonasi inahesabiwaje. Wakisema ni kwa idadi ya kesi ulizozimaliza kwa wakati, au ubora wa taarifa, au kitengo kizima kinagawana mwisho wa mwaka kwa matokeo ya kampuni, hilo linazungumzika. Wakisema ni asilimia ya ulichokataa, waombe wakuwekee mshahara wa juu kidogo usio na bonasi hiyo, na waeleze sababu ya mahakama, wataielewa kuliko ya dhamiri. Wakikataa, iache kazi hiyo. Nafasi zipo kwingine. NHIF huajiri watu wa kada za afya kwenye udhibiti ubora na madai, na ajira za umma hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Kampuni binafsi huita kazi hizi kwa majina mengi: mhakiki wa madai, mratibu wa wagonjwa waliolazwa, afisa ubora. Wengi huingia kwa mlango wa uhakiki kabla ya kufika kwenye uchunguzi. Na hospitali kubwa zenyewe zinahitaji muuguzi wa kukagua mafaili kabla hayajaenda bima. Hiyo nayo ni kazi nzuri, na pengine ungeweza kuianzisha hapohapo ulipo.

Mwaka 2017.

Sitakipaka asali: ulichofanya kilikuwa udanganyifu. Uliandika kwamba umempima mtu ambaye alikuwa kwake anakula ugali, na bima ikalipa kwa neno lako. Pia ulikuwa msichana kwenye majaribio, umeletewa faili na mtu mwenye uwezo wa kukufukuza, na hukula senti. Hayo yote mawili ni kweli, na sitaki ukumbuke moja ukasahau jingine.

Umeniuliza kama mtu wa namna hii anaweza kuwachunguza wengine. Mimi nasema anaweza, na kuna jambo atalijua ambalo wengine hawalijui. Wachunguzi wengi huishia kwa aliyeshika kalamu, kwa sababu saini yake ndiyo iliyo kwenye karatasi. Wewe utauliza ni nani aliyeleta mafaili mwisho wa mwezi, na nani alimtuma. Nimeona wauguzi vijana wakifikishwa kwenye Baraza lao la Uuguzi na Ukunga huku mwenye kituo akifungua tawi la pili. Hilo liliniuma kila mara.

Lakini hauwezi kuingia na jambo hilo likiwa limefichwa. Wakumbuke waliolijua: karani, mwenye kituo, wauguzi mliokuwa mnajaza pamoja. Bima ni nchi ndogo. Siku moja faili la kituo kile, au cha mtu aliyekuwa pale, litafika mezani kwako, na simu itapigwa: "Dada, unatukumbuka?" Tangu siku hiyo wewe si mchunguzi tena, wewe ni mali yao.

Kwa hiyo, kabla ya Jumatano, mwone wakili. Usiandike chochote cha kukiri, usimtumie mtu ujumbe wa simu kuhusu jambo hili, mpaka umekaa naye. Kama gharama ni tatizo, watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 wapo. Waulize ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako wakuelekeze. Mweleze yote, pamoja na kwamba ungependa kutoa taarifa. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika, ila wewe ulishiriki, na namna ya kuitumia kwa mtu aliyeshiriki ni kazi ya wakili, si ya safu hii. Akikuambia anahitaji wiki mbili za kulitafakari, piga simu kampuni uombe usaili usogezwe. Wanaosogeza usaili kwa sababu ya ugonjwa ni wengi, na mgongo wako ni ugonjwa wa kweli.

Kwenye usaili wakikuuliza moja kwa moja kama umewahi kushiriki, usiseme hapana. Wakili atakusaidia kupanga maneno, lakini neno hapana halimo. Wasipouliza, siku ya kusaini mkataba jaza fomu ya mgongano wa maslahi kwa ukweli: nilifanya kazi kituo hiki, mwaka huu, sitagusa faili lake lolote. Ukikuta wakili ameshauri kwamba jambo lote liwekwe wazi kwa mwajiri mapema na mwajiri akaghairi kukuajiri, itakuuma, na utakuwa umepoteza kazi ambayo ungeipoteza kwa aibu zaidi baadaye. Na mwambie mume wako leo. Usimwache alisikie kwa karani.

Yaliyobaki ni mepesi. Pitia Mwongozo wa Taifa wa Matibabu wa mwaka 2021, maana wasaili wengi hukuwekea faili na kukuuliza kama dawa zinaendana na ugonjwa. Zoea misimbo ya magonjwa ya ICD-10, angalau ile ya wodi ulizopita. Kama hujui kupanga na kuchuja majedwali ya Excel, tafuta kijana akufundishe wikendi hii. Kituo kinacholaza wagonjwa wa malaria siku tatu kamili bila kubadilika huonekana kwenye jedwali kabla hujafungua faili hata moja. Jifunze kuandika taarifa kwa kutenganisha ulichokiona na unachokidhani. Umeona chati haina jina la zamu, hujaona mwizi. Wewe si polisi wala TAKUKURU, huna ruhusa ya kumtisha mtu wala kumpekua, unaandika na kukabidhi. Cheti cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, CFE, kinasaidia, lakini kina gharama ya dola na kinadai uzoefu, hivyo kisikuhangaishe mwaka huu. Leseni yako ya uuguzi ndiyo usiiache ikafa hata siku moja. Wanakuajiri kwa sababu ya hiyo.

Na kuhusu mgongo: kiti nacho kinaumiza. Waulize kazi ina safari kiasi gani, maana mchunguzi mwenye maeneo ya Katavi na Kigoma anashinda kwenye gari siku tatu kwenye barabara za vumbi, na wewe umeikimbia wodi kwa ajili ya pingili hizohizo.

Leo ni Alhamisi. Mume leo, wakili kesho, mama wa wodini Jumapili baada ya ibada. Jumatano ikipita niandikie, na uniambie walijibu nini ulipouliza bonasi inahesabiwaje.

Mama yako